Baiskeli Iko Juu ya Gari: Je, Bima ya Gari Inailinda?

Jumapili moja jioni, mwenzetu wa hapa ofisini alikuwa anarudi Nairobi kutoka Hell's Gate, kule Naivasha. Hell's Gate ni kati ya mbuga chache nchini ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli ukipita karibu na pundamilia na twiga, kwa hivyo alikuwa ameenda na yake. Aliibeba juu ya Probox, imesimama kwenye keria na kufungwa vizuri. Barabarani hakupata shida yoyote. Alipofika mjini njaa ikamshika, akaamua kupitia jengo moja la maduka anunue chakula. Akashuka na gari kuelekea besimenti. Alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna kitu juu ya paa.

Ule mlio, anasema, hatausahau. Fremu ilipinda, foki ikavunjika, keria ikang'oka na paa la gari likabonyea. Baiskeli ilikuwa imemgharimu Sh85,000, pesa alizoweka kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima. Lakini Jumatatu alikuja kazini akiwa ametulia. Gari lilikuwa na bima kamili. "Bima italipa," alituambia.

Kweli bima ililipa. Ilinyoosha paa la gari. Baiskeli haikulipiwa hata shilingi moja.

Wengi wenu mnalipa bima ya gari kwa simu kila mwezi au kila mwaka, na tunajua wengi mnadhani vile yeye alidhani. Sisi si kampuni ya bima, lakini pesa zenu zinapita kwetu, na tungependa ujue unalipia nini kabla ya kubonyeza PIN. Basi hebu tuangalie hii mambo polepole.

Kwa nini bima ya gari haioni baiskeli

Bima za gari nchini Kenya ni za aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni bima ya mtu wa tatu, ile sote tunaita thadi pati. Hii ndiyo ya lazima. Sheria, Sura ya 405, inataka kila gari barabarani liwe na bima ya kulipa mtu mwingine akiumia au kufariki kwa sababu ya gari lako. Mikataba mingi huongeza pia mali ya mtu mwingine utakayoharibu, hadi kiasi fulani. Wewe mwenyewe na vitu vyako hamko hapo.

Ya pili ni bima kamili. Hii inaongeza gari lako: likigongwa, likiibwa au likiungua, kampuni inalipa. Lakini soma tena hilo neno: gari. Injini, milango, vioo, paa, hata redio kama uliitaja. Baiskeli si sehemu ya gari. Ni mzigo ambao gari limebeba, sawa na gunia la viazi au sofa unayohamisha. Mikataba mingine ina kiasi kidogo cha kulipia vitu vya kibinafsi, lakini mara nyingi ni vile vilivyo ndani ya gari, na kiasi chenyewe hakifikii bei ya baiskeli nzuri.

Kuna jambo lingine linaloshangaza watu. Tuseme baiskeli si yako, ni ya rafiki yako, na wewe ndiye ulikuwa dereva. Si yeye ni mtu wa tatu? Kwa akili ya kawaida ndiyo, lakini mikataba mingi inasema mali iliyo mikononi mwako, yaani uliyoaminiwa kuitunza au kuibeba, haihesabiwi kuwa ya mtu wa tatu. Kwa hivyo ukibeba baiskeli tatu za marafiki na uzigonge zote, bima ya gari lako inaweza kukataa zote tatu. Halafu urafiki ndio utalipa.

Nani alikosea? Jibu linabadilika hapo

Baiskeli ni ile ile moja, lakini jibu la bima linategemea ilivyoharibika. Tuchukue visa vinne.

Umegonga mwenyewe. Ni kisa cha mwenzetu. Gari linalipwa na bima kamili, baada ya kukata ekses, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe. Baiskeli ni juu yako.

Mtu mwingine amekugonga. Hapa sasa wewe na baiskeli yako ndio mtu wa tatu, kwa upande wake. Chukua nambari ya gari lake, jina la kampuni yake ya bima na nambari ya cheti, kisha uende kituo cha polisi upate abstrakti. Unadai kwa bima yake, na unataja baiskeli pamoja na gari. Watu wengi hudai gari peke yake na kusahau baiskeli. Kama bima yake haifiki mali, au yeye anakataa kulipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza kesi za hadi Sh1 milioni, na unaweza kwenda bila wakili.

Baiskeli imeanguka na kugonga gari lililo nyuma. Gari la nyuma ni mali ya mtu wa tatu, kwa hivyo thadi pati yako inaweza kulilipia kama inafika mali. Baiskeli yako iliyosagika barabarani, hapana. Na jiandae kwa swali moja: uliifunga na nini? Kama ilikuwa imeshikiliwa na mpira wa tyubu ya zamani na Mungu tu, kampuni inaweza kusema hukuwa mwangalifu.

Imeibwa ukiwa umesimama. Umesimama pale vyupointi ya Bonde la Ufa unywe chai na upige picha, unarudi keria iko tupu. Bima ya gari haitalipa, kwa sababu gari halijaibwa.

Bima inayoilinda ni ipi?

Ipo. Watu wa bima huiita "all risks", bima ya hatari zote. Ni bima ya vitu unavyotembea navyo nje ya nyumba: laputopu, kamera, saa ya bei, na pia baiskeli. Mara nyingi inauzwa kama sehemu ya bima ya nyumba na vyombo, na si lazima uwe mwenye nyumba. Mpangaji pia anaweza kuchukua sehemu ya vyombo na hii ya hatari zote.

Lakini jina lisikudanganye. "Hatari zote" haimaanishi kila kitu. Muulize ajenti maswali haya, na uombe majibu kwa maandishi. Hata ujumbe wa WhatsApp unasaidia kuliko maneno matupu.

1. Baiskeli yangu imeandikwa kwenye mkataba kwa jina, aina na nambari ya fremu? Hiyo nambari mara nyingi imegongwa chini ya fremu, pale pedali zinapokutana. Kusema tu "vitu vya nyumbani" hakutoshi.

2. Inalindwa ikiwa juu ya gari likitembea, ama ni nikiiendesha na ikiwa nyumbani tu? Hili ndilo swali kubwa. Taja neno keria.

3. Ikiibwa kwenye keria, mnataka iwe imefungwa kwa kufuli ya aina gani? Mikataba mingi hailipi wizi wa kitu kilichoachwa wazi.

4. Mashindano na biashara je? Ukiingia mbio za baiskeli, au ukiitumia kupeleka mizigo ya wateja, bima ya kawaida inaweza kukutoa.

5. Nikivuka mpaka kwenda Arusha au Moshi, bado niko ndani?

6. Ekses ni pesa ngapi? Kama ekses ni Sh10,000 na kutengeneza rimu ni Sh6,000, hakuna haja ya kudai.

Usiseme bei ya uongo

Watu wengine hupunguza bei ya kitu ili walipe ada ndogo. Hii hesabu inakurudia. Tuseme baiskeli yako ni ya Sh120,000, lakini umeiandikisha kwa Sh60,000. Yaani umelipia nusu. Sasa imegonga mahali na matengenezo ni Sh40,000. Unafikiri utapata zote 40,000 kwa sababu hazijapita 60,000? Mikataba mingi ina kipengele kinachosema ukilipia nusu, unafidiwa nusu. Utapata Sh20,000, kisha ekses ikatwe hapo. Kuongeza bei pia hakusaidii, kwa sababu bima hurudisha ulichopoteza na si zaidi.

Simu yako ndiyo faili yako

Hapa ndipo tunaingia sisi. Baiskeli nyingi hapa Kenya ni za mtumba, na muuzaji hana risiti. Siku ya kudai, kampuni itakuuliza: ulinunua pesa ngapi, lini, kwa nani? Ukilipa kwa simu, ule ujumbe wa kuthibitisha una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Huo ni ushahidi. Ukiongeza picha ya baiskeli na ya nambari ya fremu siku hiyo hiyo, uko mahali pazuri. Na kama ulifuta ujumbe, omba stetimenti ya kipindi hicho.

Kulipa ada ya bima pia kuna utaratibu wake:

Lipa kwa nambari ya Paybill ya kampuni ya bima au ya broka aliye na leseni. Usitume kwa nambari ya kibinafsi ya ajenti, hata kama ni binamu yako. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini.

Kwenye nambari ya akaunti, andika nambari ya mkataba au ya gari jinsi ulivyoelekezwa. Pesa isiyo na jina ni pesa inayozunguka, na wewe unabaki bila bima.

Usingoje. Sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kampuni kuanza kubeba hatari yako kabla haijapokea malipo. Ukisema "nitalipa Jumatatu" na safari ni Jumamosi, Jumamosi uko peke yako.

Hakikisha kampuni ina leseni. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, huchapisha orodha ya kampuni, mabroka na maajenti walioruhusiwa. Na ukikataliwa fidia bila sababu ya maana, malalamiko yako unapeleka huko huko.

Ikitokea, fanya hivi

Simama mahali salama. Piga picha kabla ya kusogeza chochote: baiskeli, keria, kamba, paa, na kile ulichogonga. Kama kuna kibao cha kimo, kipige pia. Piga simu kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Kama kuna gari lingine au wizi, nenda polisi upate nambari ya OB na abstrakti. Usimpe fundi aanze kazi kabla mkaguzi wa bima hajaiona, na usitupe vipande vilivyovunjika.

Na kama ulituma baiskeli kwa basi au matatu, yaani iko juu ya keria ya mtu mwingine, dai risiti ya mzigo na usome nyuma yake. Nyingi zimeandikwa kwamba mzigo unabebwa kwa hatari ya mwenyewe. Taja bei ya baiskeli kabla haijapanda juu, na uulize kama unaweza kulipia ulinzi zaidi.

Hesabu ndogo ya kumalizia

Probox ina kimo cha kama mita 1.5. Baiskeli ikisimama kwenye keria inaongeza mita moja hivi au zaidi. Jumla unapita mita 2.5. Sasa angalia kile kibao cha njano pale mlango wa besimenti: mara nyingi kinasoma mita 2 na kitu kidogo. Hiyo haipiti, hata uinamishe kichwa.

Mwenzetu sasa ana baiskeli nyingine, ya mtumba, ya bei nafuu kidogo. Ameiandikisha kwenye bima ya hatari zote, ada anailipa kwa simu, na ujumbe wa malipo ameuweka. Halafu ana ujanja mwingine usio na gharama: kila akipandisha baiskeli juu, anabandika karatasi kwenye usukani imeandikwa "JUU". Tulimcheka kidogo, lakini tangu siku ile hajagonga kitu.

Kabla ya safari yako ijayo, toa ule mkataba wa bima ya gari usome sehemu ya vitu visivyolindwa. Dakika kumi tu. Kama baiskeli haimo, basi unajua la kumuuliza ajenti wako.