Nyasi Zinazolea Changu

Mvuvi wa Chwaka, mashariki mwa Unguja, akienda kutega dema hatafuti samaki. Anatafuta nyasi. Akiona maji yamepiga weusi, hulishusha hapo, na kitakachonasa aghalabu ni tasi na pono wa kijani, samaki walao nyasi zenyewe pamoja na vijimwani vinavyoota juu yake.

Nyasi za bahari si mwani. Zina mizizi, hutoa maua na mbegu, na ghuba ya Chwaka peke yake ina aina zaidi ya 10. Maji yakipwa, chuma jani moja ulitazame. Jipya ni laini, limenyooka. Lililozeeka limevaa ukoga. Lisuuze kwenye bakuli: wataanguka kamba wadogo kuliko punje ya mchele, vikonokono, minyoo. Hicho ndicho chakula cha changu mchanga. Akishapevuka huhamia mwambani, na mvuvi wa mshipi anayemtoa huko anavuna kilicholelewa kwingine.

Tunajuaje? Kaboni ya nyasi hupishana kidogo uzito na kaboni ya mikoko, na tofauti hiyo humfuata mlaji mpaka kwenye minofu. Watafiti walipoipima kwa samaki wachanga wa Chwaka, waliona wengi wanapata riziki kwenye nyasi na mchanga wa jirani kuliko mikokoni. Mikoko imepata watetezi wengi, na inastahili. Nyasi bado zinangoja wa kwao.

Maana zinaumia. Juya, wavu wa kukokota, huburuzwa sakafuni, na risasi zake zikipita hukata majani na kung'oa mizizi. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, lakini bado linavutwa. Adui mwingine ni mnyama wa baharini wa duara mwenye miiba (kwa Kiingereza, sea urchin): huko Diani, kusini mwa Mombasa, makundi yake yamewahi kufyeka nyasi hadi ukabaki mchanga mtupu. Kikande, mwenye meno ya kumvunja, ni samaki wa kuliwa, naye anavuliwa. Kwa hiyo unaweza kuharibu sakafu bila kuigusa. Inatosha kumwondoa mlinzi wake.

Kilimo cha mwani ndicho kigumu kukisema, kwa kuwa kimewapa wanawake wa Unguja fedha zao wenyewe. Lakini kamba hufungwa kwenye vigingi juu ya nyasi hizohizo, mwani huzitia kivuli, na wakulima wengine huzing'oa kwanza ili wasafishe shamba. Wataalamu wanashauri mashamba yasogezwe maji ya kina, ambako joto ni dogo na mwani wenyewe haufi ovyo kama ufukweni. Ushauri ni mzuri, ila unadai chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi hawana kimojawapo.