Beki Naye Apewe Haki Yake: Funzo la Okumu kwa Shule za Ikutha

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Katika kandanda ya nchi yetu, hata hivyo, pete hiyo huvikwa kidole kimoja tu. Anayeutia mpira wavuni hubebwa mabegani, jina lake hutangazwa redioni, na kesho yake watoto hugombania kuitwa kwa jina hilo. Beki aliyeuondoa mpira kwenye mstari wa goli dakika ya mwisho hurejea nyumbani kimya kimya. Akiteleza mara moja, hapo ndipo umma mzima hulijua jina lake.

Dharau hii huanzia shuleni. Nenda uga wowote katika eneo la Ikutha, kusini mwa Kitui, au uvuke Mto Athi uingie Makueni hadi Kibwezi, uwatazame watoto wakigawana nafasi za kucheza. Wenye mbio na madaha hujichagulia mbele. Aliye mzito wa miguu, au aliyechelewa kwa sababu alikuwa akichota maji kwa punda, huambiwa akasimame nyuma. Kwa mawazo yetu, ulinzi ni adhabu. Hoja yangu leo ni kwamba mawazo haya yanatupotezea vijana, na ushahidi ninao.

Mtazame Joseph Okumu. Alizaliwa mwaka 1997, akacheza ligi yetu kuu akiwa na Chemelil Sugar, timu ya kiwanda cha sukari. Mwaka 2016 alielekea Afrika Kusini kujiunga na Free State Stars. Mwaka 2018 akavuka bahari hadi Marekani, katika jimbo la Utah, akaichezea Real Monarchs, ambayo ni timu ya akiba ya Real Salt Lake. Mpaka hapo Wakenya wengi walikuwa hawajamsikia.

Kisha ikaja fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019 nchini Misri. Harambee Stars walikuwa wamepiga kambi ya mazoezi Ufaransa, na huko beki wa kutegemewa, Brian Mandela, akaumia goti. Pengo hilo likazibwa na Okumu, kijana wa miaka 22. Kenya ilishindwa na Algeria mabao 2-0, ikaishinda Tanzania 3-2, kisha ikapigwa na Senegal 3-0 na kuaga mashindano. Timu ilirudi nyumbani mapema, lakini mlinzi huyo mrefu, mtulivu, asiyebutua mpira ovyo, alikuwa amekwisha kuonekana. Mwaka uo huo Elfsborg ya Uswidi ilimsajili. Mwaka 2020 klabu hiyo ilimaliza ya pili katika ligi ya nchi hiyo. Mwaka 2021 akahamia Gent ya Ubelgiji, klabu iliyotwaa kombe la nchi hiyo mwaka 2022 kwa kuishinda Anderlecht kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2023 akasajiliwa na Reims, akaingia ligi kuu ya Ufaransa.

Hesabu mwenyewe, mpenzi msomaji: nchi tano za ugenini katika muda wa miaka saba, kila moja na lugha zake, hali yake ya hewa na kocha wake. Hakuruka ngazi hata moja. Nafasi iliyomfungua milango ilitokana na jeraha la mwenzake, naye aliipokea akiwa tayari. Hii ndiyo tabia ya beki aliyekomaa. Kazi yake kubwa ni kusoma hatari kabla haijatokea, na kuwa mahali panapofaa wakati wengine wangali wanakimbia kupafikia.

Wala Okumu si wa kwanza. Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi dhidi ya Esperance, nahodha aliyelipokea kombe hilo alikuwa beki, Austin Oduor, aliyejulikana kwa jina la Makamu. Musa Otieno, beki mwingine, aliitumikia Santos ya Cape Town kwa zaidi ya miaka kumi, klabu ambayo ilishinda ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2001/02. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Kenya katika fainali za mwaka 2004 nchini Tunisia, ambako tuliilaza Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Waliofunga siku hiyo, Ake, Oliech na Baraza, tunawakumbuka. Ni wangapi kati yetu wanaowakumbuka waliolinda lango hata Burkina Faso wasipate bao?

Ulimwenguni pia kuna mifano. Wladyslaw Zmuda, beki wa Poland aliyezaliwa mwaka 1954, alicheza fainali nne za Kombe la Dunia, kuanzia 1974 hadi 1986, na kushiriki mechi 21. Nchi yake ilishika nafasi ya tatu mara mbili, mwaka 1974 na mwaka 1982. Zama hizo serikali ya Poland haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda kulipwa ng'ambo mpaka umri uwe umesonga. Zmuda alikuwa na miaka 28 alipojiunga na Verona ya Italia. Hata hivyo, jambo moja halikumpungukia: nyumbani kwake kulikuwa na shule, klabu na ligi zilizomlea mchezaji kwa utaratibu tangu utotoni.

Kwetu mambo ni kinyume. Hakuna anayemzuia kijana kuondoka, ila ngazi za kumfikisha mlangoni zimeoza. Timu za viwanda zilizowalea akina Okumu zimedhoofika. SoNy Sugar iliondolewa ligini mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa, FIFA, liliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba kwa sababu ya mvutano kati ya serikali na viongozi wa soka, tukakosa hata kushiriki mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika. Wakubwa walipokuwa wakivutana, wachezaji walio katika umri wao bora walikaa mwaka mzima bila kuvaa jezi ya taifa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Sasa turudi Ikutha. Hapa hakuna kiwanda cha sukari wala klabu ya ligi kuu. Kuna jua kali, mashamba ya pojo na kunde yanayongoja mvua isiyo na ahadi, na mbuga ya Tsavo upande wa kusini. Msaka vipaji wa Nairobi hana safari ya huku. Kwa hiyo shule ndiyo klabu, mwalimu ndiye kocha, na michezo ya shule za sekondari ndiyo njia ya pekee ya kutoka ngazi ya kata hadi kaunti, eneo na taifa. Mwalimu akiifunga njia hiyo, imefungika.

Ndiyo maana mtaala wa umilisi unatuhusu sana. Katika sekondari ya juu, ambayo kundi la kwanza la mtaala huo lilipangiwa kuingia mwaka 2026, kuna mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Si kila shule hufundisha mikondo yote mitatu. Hofu yangu ni kwamba mkondo wa michezo utawekwa katika shule kubwa zenye nyasi za kijani na mabwawa ya kuogelea, na mtoto wa mashinani aambiwe hana kipaji, ilhali alichokosa ni uga na mwalimu. Wizara ya Elimu na serikali za kaunti za Kitui na Makueni hazina budi kuhakikisha kwamba kila eneo bunge kame lina angalau shule moja ya mkondo huo, yenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo, uga uliosawazishwa na maji ya kunywa.

Nanyi wanafunzi, msidhani nawashauri mtupe vitabu. Goti la Mandela liwe somo. Jeraha moja laweza kufuta ndoto ya miaka kumi. Mchezaji anayehama nchi tano hutakiwa kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kuielewa lugha ya kocha, na kumtambua wakala mwongo anayedai ada kwa ajili ya majaribio yasiyokuwapo. Aliyekimbia darasa atayajulia wapi hayo? Elimu na mpira ni mapacha, na anayewatenganisha huwaumiza wote wawili.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Tutajenga viwanja na tutapaka rangi kuta. Lakini viwanja havichezi. Walinzi wa timu ya taifa ya miaka ijayo wako darasani leo, pengine mmoja wao yuko Ikutha, amesimama nyuma kwa sababu wenzake walimdharau. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu, jioni ya leo utakapopuliza kipenga, mtafute mtoto huyo, umfundishe kusimama vizuri, kutazama mbali na kutoa pasi. Mwambie kwamba nafasi aliyopewa ni kazi yenye heshima.