Mtoto ametimiza miezi sita, tumlishe nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeiweka riziki ya mtoto mchanga katika kifua cha mama yake. Katika aya ya 233 ya Suratul Baqarah, Mola wetu ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha. Akamwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama kwa wema, kisha akaelekeza kuwa kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Kwa hiyo chakula cha mtoto si jambo la jikoni tu, wala si la mama peke yake. Ni amana ya nyumba nzima.

Wakati wake

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Ni vya nyongeza kwa sababu haviji kuchukua nafasi ya ziwa, bali kulisaidia.

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto wa miezi mitatu akilia sana husemwa kuwa hashibi, na uji huanza siku hiyo hiyo. Tunawaheshimu mabibi zetu waliotulea, lakini kilio kina sababu nyingi, na njaa ni moja tu kati ya hizo. Aliye tayari kula huonekana: anakaa kwa kuegemezwa, shingo imekaza, anapeleka vitu mdomoni, wala hausukumi mlo nje kwa ulimi.

Uji mtupu hautoshi

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na akiba hiyo hupungua sana afikapo miezi sita. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Akipewa uji mwepesi wa mahindi na sukari, tumbo lake dogo hujaa maji, naye hubaki na upungufu wa damu huku sisi tukidhani ameshiba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa nchini Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Si wote waliotoka katika nyumba zisizo na chakula.

Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kutulia kijikoni bila kumwagika. Tangu wiki za mwanzo, sahani yake iwe na yai lililoiva vizuri, samaki asiye na miba, ini au nyama iliyosagwa, au dagaa waliooshwa, wakakaushwa na kutwangwa kuwa unga. Maharage na kunde zilizopondwa zinafaa pia, na maji kidogo ya chungwa au papai bivu husaidia mwili kukipata chuma kilichomo. Chai tuiweke mbali, kwani huzuia chuma hicho kuingia mwilini.

Vyakula vyetu vya asili vinatosha: viazi vitamu vilivyopondwa kwa tui la nazi, mtori wa ndizi na nyama, au bokoboko laini. Fungu la mtoto litengwe kabla ya kutiwa chumvi na pilipili.

Unga wa lishe usiwe mchanganyiko wa kila nafaka iliyopo sokoni, kwa maana mtoto akidhurika haitajulikana kilichomdhuru. Mahindi na karanga zichambuliwe, na zilizoota ukungu zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga nzima asipewe kabisa, zisije zikamkaba.

Tende na asali

Kumfanyia mtoto tahniki ni sunna iliyothibiti. Mtume (s.a.w.) alimfanyia hivyo Abdullah bin Zubeir kwa tende aliyoilainisha. Hiyo ni chembe ya kupaka kwenye kaakaa, si mlo. Wapo wanaotumia asali badala yake, na hapa tunatahadharisha. Asali imesifiwa katika Qur'ani kuwa ina ponyo, lakini aliye chini ya mwaka mmoja asipewe. Yaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia, zikatoa sumu inayolegeza misuli hata ile ya kupumulia.

Kiasi na adabu

Tuanze na vijiko viwili au vitatu, tukiongeza taratibu hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne, pamoja na matunda kati ya milo. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mlishwaji. Tumsomee Bismillah na kumzoesha mkono wa kulia, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani kwake. Akigeuza uso tusimlazimishe. Tumrudie baadaye kwa upole.

Mwisho tunawakumbusha akina baba. Mara nyingi ini na kipande kinono cha samaki huwekwa katika sahani ya mwenye nyumba, na mtoto huachiwa mchuzi. Nyama ya ukubwa wa kiganja cha mtoto haimpunguzii baba nguvu, bali humjengea mwanawe damu na akili. Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunamuomba Allah atujaalie vizazi vyenye afya na vitulizo vya macho yetu. Aamin.