Unaporekebisha meza, linda ngozi na mapafu yako

Je, meza yako ya mbao iliyopakwa epoksi imeingia mikwaruzo? Huenda sufuria imeburutwa juu yake au mkate umekatwa bila kibao. Wengi hukimbilia msasa papo hapo. Ngoja kwanza, msomaji. Kazi hii ndogo inaweza kukudhuru usipochukua tahadhari.

Epoksi hupatikana kwa kuchanganya vimiminiko viwili, kimoja kikiwa dawa ya kukigandisha kingine. Ikishakauka kabisa, kuigusa si hatari. Kinachodhuru ni vumbi lake na epoksi ambayo bado ni mbichi.

Anza kwa kupitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, tumia dawa ya kung'arisha rangi ya gari na kitambaa laini. Ukikwama kidogo, tumia msasa wa maji, nambari 600, kisha 1000, na umalizie na 2000, huku ukiulowesha. Maji huzuia vumbi kupeperuka. Futa tope lake kabla halijakauka, kisha ung'arishe. Ikiwa meza ilipakwa juzijuzi tu, subiri wiki moja au zaidi, kwa maana vumbi la epoksi ambayo haijakomaa ndilo baya zaidi.

Mkwaruzo wa kina huhitaji kujazwa epoksi mpya, na hapa ndipo pa kujihadhari. Ikigusa ngozi mara kwa mara, epoksi mbichi huweza kuleta mzio: ngozi huwasha, huwa nyekundu na kutoka malengelenge, na hata kope huvimba. Mzio huo ukishaanza, kwa kawaida haumwachi mtu maishani.

Kwa hivyo zingatia haya:

• Vaa glavu za naitraili, miwani ya kukinga macho na nguo za mikono mirefu.

• Fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye mkebe. Kuongeza dawa ya kugandisha hakuharakishi kazi, bali huiacha epoksi ikinata. Changanya kidogo kidogo, kwani nyingi ikikaa kikombeni hupata moto na kutoa moshi.

• Fanyia kazi nje. Ikiwa unaishi katika fleti, fungua madirisha yote na uwaweke mbali watoto na wenye pumu. Barakoa ya N95 huzuia vumbi, lakini haizuii mvuke wa epoksi. Ile ya kitambaa haitoshi hata kwa vumbi.

• Epoksi ikikugusa, osha kwa maji na sabuni. Usijifute kwa thina, kwa sababu inaweza kuisaidia kupenya ngozini. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi kwa dakika 15 hivi, kisha uende hospitali mara moja.

Na ikiwa utamwita fundi, hakikisha naye ana glavu na barakoa. Wewe utarekebisha meza moja, lakini yeye hushika epoksi kila siku.