Mafungo ya kiroho Baraka na Fizi: mtu anaenda kutafuta nini?

Mtu akisikia neno mafungo, sana sana anafikiria nyumba ya masista, padri wa kuhubiri na sahani ya fufu saa sita. Hayo ni ya kikundi. Kuna pia mafungo ya mtu peke yake: anachukua siku mbili ao tatu, anazima simu, anaenda kusali fasi ambapo Wakristo wa mbele yake walipitia jambo kubwa. Kwa mkaaji wa Kivu ya Kusini, haiombi kupanda ndege mpaka Roma. Njia inafuata ziwa Tanganyika kutoka Uvira mpaka Baraka, karibu kilometa 90, kisha inapanda milima mpaka Fizi.

Novemba 28, 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, gari la waasi lilifika kwenye misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, Mwitalia wa miaka 30, aliamriwa apande. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa anaungamisha watu kanisani. Alitolewa nje, akaona mwili wa mwenzake, akapiga magoti karibu naye, akauawa pale pale. Jioni ile, Fizi, waliuawa padri Giovanni Didonè na abé Albert Joubert. Huyu Joubert alizaliwa 1908 upande wa Moba, baba Mfaransa, mama Mwafrika. Kwa hiyo kusema « wale wazungu wane » ni kukosea. Agosti 18, 2024, kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri kule Uvira.

Sasa mtu akifika, anafanya nini? Hapana kupiga picha na kurudi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha namna moja ambayo bado inatumika: unasoma kipande kifupi cha Injili, unafunga macho, unajiweka ndani ya habari yenyewe, unaona, unasikia. Anayeketi Baraka anaweza kusoma mateso ya Yesu, kisha kukaa kimya saa nzima akijiuliza: mimi ningekuwa ndani ya kanisa siku ile, gari linasimama inje, ningetokea mlango gani? Jibu lake aliandike kwenye kaye, hata kama linamupa haya.

Halafu kuna jambo gumu zaidi. Tangu 1964, wakaaji wa Fizi na Uvira wamepita vita vingine vingi. Kuna mwenye kufika pale na kaburi lake mwenyewe moyoni: ndugu aliuawa, nyumba ilichomwa, na aliyefanya anamujua kwa jina, wanakutana sokoni. Kumwambia asamehe kabla ya kurudi nyumbani ni kumutwika mzigo juu ya mzigo. Anaweza kutaja jina la yule mtu mbele ya Mungu, na hasira yake yote, kisha aishie hapo kwa leo. Akiwa na padri wa kumusikiliza, ni vizuri amuambie, kwa sababu kimya cha siku tatu kinaamsha mambo mengi.

Mbele ya kuondoka, inaomba kuuliza paroko wa kule na madereva kama njia ni salama. Ikiwa si salama, asiende. Kanisa la mtaa wake, mchana wa juma wakati kwaya haiko, lina kimya cha kutosha kuanza.