Devdas: Filamu ya Mapenzi na Ndoa

Devdas ni filamu ya India ya mwaka 1935, miaka 4 tu baada ya Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti. Iliongozwa na P. C. Barua katika studio ya New Theatres, Calcutta, kutokana na riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917. Barua aliigiza Devdas katika toleo la Kibengali. Katika la Kihindi mhusika huyo aliigizwa na mwimbaji K. L. Saigal.

Devdas, mtoto wa tajiri, anampenda jirani yake, Parvati, waliyekua pamoja. Wazazi wa Devdas wanakataa posa. Katika riwaya, sababu mojawapo ni kwamba ukoo wa binti hupokea mali unapooza mabinti, jambo linalohesabiwa duni. Parvati anaozwa kwa mwanamume mjane mwenye umri mkubwa, naye Devdas anazama katika ulevi hadi kufa.

Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, nchini Tanzania, sababu hiyo ni kinyume cha mila. Kwao ng'ombe wa mahari hutoka upande wa mume na kuiheshimisha ndoa, na mara nyingi huwawezesha kaka za bibi harusi nao kuoa. Kinacholingana ni uzito wa kauli ya wazee: ndoa ni mapatano ya koo mbili.

Nyimbo za Saigal ziliipa filamu umaarufu mkubwa. Bimal Roy, aliyekuwa mpiga picha wa filamu hiyo, aliitengeneza upya mwaka 1955, Dilip Kumar akiwa Devdas.