Linux Iliyovaa Sura ya Windows

Mwishoni mwa 2019, watengenezaji wa Kali Linux, mfumo unaopendwa na wataalamu wa usalama wa mitandao, waliongeza amri moja ya kuchekesha: kali-undercover. Ukiiandika, baada ya sekunde chache skrini nzima inageuka Windows 10, kuanzia upau wa chini na menyu yake hadi aikoni na picha ya nyuma. Shabaha yao ilikuwa mtaalamu aweze kufanya kazi mbele za watu bila kuvuta macho. Ukiiandika tena, sura ya awali inarudi, na hakuna faili lako lililoguswa.

Hilo linawezekana kwa sababu katika Linux sura ni tabaka linalojitegemea. Chini kabisa kuna kiini kinachoongoza vifaa. Juu yake hukaa mazingira ya eneokazi, ndiyo yanayochora menyu na madirisha, nayo yapo mengi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon. Kila moja linakubali kuvishwa upya. Xfce hiyohiyo iliyotumiwa na Kali, ukiipa mandhari iitwayo Chicago95, inakurudisha Windows 95 na ukijivu wake wote. Korea Kaskazini nayo ilichukua KDE ya zamani ikaifanya Red Star 3.0 ifanane na Mac. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walionyesha kilichokuwa nyuma ya pazia: mfumo huo hutia alama za siri kwenye faili ili ijulikane zimepita kwa nani.

Kwa mtumiaji wa kawaida sababu ya kujaribu mifumo hii ni nyepesi zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado zina nguvu hazikidhi masharti ya Windows 11. Siku hiyohiyo, na si kwa bahati, likatoka toleo la 18 la Zorin OS, mfumo ulioanzishwa Dublin na ndugu wawili, Artyom na Kyrill Zorin. Ndani yake mna programu ya kuchagua mpangilio: bofya hapa upate upau wa mtindo wa Windows, bofya pale menyu ihamie kwingine.

Macho hudanganyika upesi, vidole havidanganyiki. Anayetoka kwenye Mac atafurahia kuona safu ya aikoni chini na vitufe vya kufunga dirisha kushoto, kisha atataka kunakili maneno. Kidole gumba kitakwenda penye Command, na hakuna kitakachonakiliwa, maana Linux inasubiri Ctrl. Ipo programu iitwayo Kinto ya kupanga upya vitufe hivyo, lakini hiyo ni kazi ya ziada ambayo hakuna picha ya skrini itakayokudokezea. Kwa aliyetoka Windows, mtihani ni faili la .exe. Hapa nawasifu Zorin: ukilibofya, mfumo unalitambua, na kama ni programu ambayo mfumo unaijua unaweza kupendekezewa njia nyingine ya kuipata, au utumie Wine, ambayo huendesha baadhi ya programu za Windows. Baadhi tu.

Ndiyo maana nakala zilizokamilika mno, zile zenye hadi nembo ya Windows, sizipendekezi kwa mgeni. Zinaahidi kwa sura kitu ambacho tabaka la chini halina. Linux Mint inanipendeza zaidi. GNOME ilipoacha mpangilio uliozoeleka mwaka 2011, watu wa Mint walitengeneza Cinnamon, yenye menyu pembeni na upau chini. Aliyezoea Windows hapotei, wala hadhani yuko Windows.

Kujaribu hakuhitaji kufuta chochote kwenye kompyuta. Programu ya Ventoy inaweka mifumo kadhaa kwenye flashi moja. Unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unachagua mmoja, na diski yako inabaki ilivyo mradi usibofye kitufe cha kusakinisha. Itakwenda polepole kuliko kawaida, usiilaumu. Acha rangi kwanza. Unganisha Wi-Fi, chapisha ukurasa mmoja kwa printa ya ofisini, kisha fungua lile faili la Excel lenye makro ambalo mhasibu hulihitaji kila mwisho wa mwezi. Likigoma, jua hivyo ukiwa bado kwenye flashi.